Upande Uliokataa Kukauka

Mwanangu alipokubali shimo lichimbwe uani, alikubali kwa sharti, na sharti hilo alilitamka mbele ya mkewe, mbele ya binti yake na mbele yangu, ili asije akatokea mtu wa kudai kwamba hakusikia.

"Gari la kwanza liingie salama, litengenezwe, litoke salama. Vinginevyo shimo nalifukia kwa mikono yangu, na wewe Jumatatu unaripoti ofisini."

Ofisi aliyoitaja ni ile ya bima anayofanyia kazi yeye mwenyewe. Alikuwa amemwombea binti yake kiti cha ukarani, na kiti kilikuwa kinangoja. Mjukuu wangu hakukitaka. Alikuwa na cheti cha ufundi wa magari alichokipata akiwa msichana pekee darasani, na alikuwa na jina alilopewa na mtaa tangu enzi za kutembea na spana ya kufungulia nati katika mfuko wa sare ya shule: Spana. Sina desturi ya kuwaita watoto kwa majina ya utani. Hata hivyo, nikilisikia jina lile likiitwa barabarani, mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Mimi nilisimamia ujenzi wa madaraja mpaka siku niliyostaafu. Vibarua waliniita Bwana Timazi, kwa ajili ya uzi wenye risasi ncha yake ambao sikuwahi kuuacha nyumbani, na walidhani silijui jina hilo. Mjukuu wangu aliponijia kuniomba nimwongoze katika kujenga karakana, sikumpa jibu siku ile. Nilimwambia achore. Aliporudi na mchoro wenye vipimo kamili, nilivaa buti zangu.

Tulisimamisha nguzo, tukaezeka mabati yaliyoinamia upande mmoja, tukatengeneza meza ya kazi, na ukutani tukapigilia ubao ambao juu yake kila kifaa kilichorewa kivuli chake kwa rangi nyeusi, ili kisiporudi mahali pake kijulikane mara moja. Katikati ya sakafu tulichimba shimo lenye urefu wa gari, lenye kina cha kumwezesha fundi kusimama wima chini ya injini, na lenye ngazi za zege upande mmoja tu. Ubavu wake tulijenga kwa tofali, na juu ya tofali tulimwaga mkanda wa zege wa kupitisha magurudumu. Nyuma ya kuta tulijaza udongo na kuushindilia.

Ukuta wa shimo si sawa na ukuta wa nyumba. Wa nyumba hubeba kilicho juu yake. Wa shimo husukumwa ubavuni na udongo, saa zote, na udongo ukinywa maji nguvu yake huongezeka maradufu. Kwa sababu hiyo tulikingamisha boriti kutoka ukuta mmoja hadi wa pili na kuzikaza kwa kabari. Mabati yetu yalikuwa yanamwaga maji yote upande wa kulia, nyuma kabisa ya ukuta, na mfereji wa kuyapokea ulikuwa bado kwa mhunzi, ambaye kila tulipomfuata alikuwa na hadithi mpya. Niliagiza boriti zisiondolewe mpaka mfereji ufungwe.

Jambo jingine nililofanya ni lile nililolifanya katika kila daraja. Nilikoroga saruji laini, nikapaka utepe mwembamba uliokatiza kiungo cha tofali za kulia, mahali pa katikati.

"Hiyo nini, Babu?" aliuliza Spana.

"Shahidi. Ukuta ukitembea hata unene wa unywele, huyu anapasuka."

"Shahidi mwenyewe hana mdomo."

"Ndiyo maana hajawahi kunidanganya."

Alicheka, lakini alikigusa kile kiraka kwa kidole, polepole, kama mtu anayesalimiana naye.

Gari la kwanza halikuwa suala la kuchagua. Kaka yangu mkubwa alipopata habari, alituma salamu kwamba pikapu yake ndiyo itakayofungua shimo, na kwamba atakuja Jumamosi. Wazazi wetu wamekwishatangulia. Yeye ndiye pekee aliye juu yangu. Katika ukoo wetu kaka mkubwa haambiwi njoo wiki ijayo. Hata mimi, niliyewaamrisha watu wengi wenye sauti kubwa, mbele yake nilikuwa bado ni bwana mdogo, na hivyo ndivyo alivyoniita.

Mvua ilinyesha usiku wa Alhamisi na ule wa Ijumaa. Jumamosi kulipambazuka kukavu. Nilikuwa nimekwenda kumchukua kaka tangu alfajiri ya Ijumaa na kulala kwake, tukarudi pamoja katika pikapu yake, yeye akiendesha huku akilalamika kwamba injini inakohoa kuliko yeye.

Tulipoingia uani, nilidhani nimekosea nyumba. Shimo lilikuwa jeupe. Mkwe wangu, mama yake Spana, alisimama kando yake akiwa na brashi mkononi na matone ya chokaa kwenye kilemba, uso umemjaa furaha. Alikuwa amelipaka shimo zima kwa heshima ya mgeni, na sasa alikuwa anamalizia ukingo wa juu. Boriti zangu zilikuwa zimepangwa vizuri kando ya uzio, na juu yake kabari, zikiwa zimefagiwa udongo.

Kaka aliteremsha kioo.

"Mmechimba gereji au mmechimba kaburi?"

"Gereji, Babu Mkubwa," Spana alijibu.

"Mbona limepakwa chokaa kama kaburi la tajiri?"

"Ili ukishuka uone unapokwenda."

"Mimi sishuki. Nimekuja na gari, si na sanda."

Walicheka. Mwanangu, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko akiwa amekunja mikono, hakucheka. Nilimsogelea mjukuu wangu na kuzungumza chini chini.

"Boriti ametoa nani?"

"Mimi, Babu. Mama alitaka kupaka jana asubuhi, asingeweza kupita. Nikaona leo gari linaingia, zingetolewa tu. Nimegonga ukuta wote kwa nyundo, haukulia vibaya."

"Na shahidi?"

Alimtazama mama yake, kisha akatazama chini. "Yuko ndani ya chokaa."

Nilikuwa nafungua kinywa niseme gari lisubiri, lakini kaka hakuzoea kusubiri. Pikapu ilikuwa tayari inatembea. Magurudumu ya mbele yalipanda mkanda wa zege, ya nyuma yakafuata, na akasimama sawasawa juu ya shimo, injini ikiwa upande wa mbali na ngazi. Alizima, akaacha gia ndani, akavuta breki ya mkono, akaegemea kiti chake kama mtu aliyefika kwake.

Spana aliweka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Aliifanya kazi hiyo kwa utaratibu mzuri, bila haraka, huku akijua fika kwamba baba yake anahesabu kila anachokifanya. Akashuka na karai na taa. Punde nikasikia nati ikilegea, kisha oili kuukuu ikaanza kumiminika, kwanza kwa kishindo, baadaye kwa uzi mwembamba.

Nilijiambia nitashuka mwenyewe kuangalia, kisha moyo utulie. Nilishuka ngazi nikiwa nimeinama.

Nilipofika chini nikasimama. Ukuta wa kushoto ulikuwa mweupe kama karatasi. Ukuta wa kulia ulikuwa wa kijivu. Kila aliyewahi kupaka chokaa anajua kwamba ikiwa mbichi huwa na rangi ya majivu, na weupe wake huja inapokauka. Nikainua kichwa hadi usawa wa sakafu.

"Mkwe wangu," niliuliza kwa sauti ya kawaida, "upande huu wa kulia uliupaka lini?"

"Jana, baba, pamoja na ule mwingine. Ndoo moja. Tena huo ndio nilioanza nao."

Alioanza nao.

Niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi, na niliposukuma kidogo maji yalitoka katikati ya vidole vyangu. Nikamtafuta shahidi wangu kwa ukucha, nikabandua chokaa, nikampata. Alikuwa amepasuka katikati. Tena hakupasuka tu: nusu yake ya juu ilikuwa imetoka nje kuipita nusu ya chini, na ncha ya kidole changu ilikaa juu ya kidaraja kile kama inavyokaa juu ya ukingo wa meza. Nikautoa uzi wangu mfukoni, nikaushika juu, nikaachia risasi ining'inie. Tofali za katikati ziliugusa uzi. Za juu na za chini hazikuugusa.

Ukuta ulikuwa umetunisha tumbo, na tumbo lilikuwa kati yangu na mjukuu wangu. Mimi nilikuwa upande wa ngazi. Yeye alikuwa upande wa injini, na juu ya tumbo lile, barabara, lilikuwa gurudumu la mbele la upande wa usukani, na nyuma ya usukani amekaa kaka yangu, mtu mnene wa kutosha.

"Weka spana chini," nilisema.

"Babu, bado kidogo. Oili inaishia. Nikirudisha nati tu natoka."

"Weka chini. Usiguse ukuta. Usiguse gari."

Aligeuza taa na kuniangalia. Kisha macho yake yakafuata uzi wangu. Ni fundi, sikuhitaji kumweleza. Niliuona uso wake ukibadilika, na niliona pia anachokifikiria, kwa sababu alikinong'oneza.

"Baba yuko pale. Nikitoka bila kumaliza, basi."

"Najua."

"Babu, nati moja."

"Nimesema."

Aliinama akaweka spana juu ya sakafu, taratibu, kama anayeweka yai. Chembe za mchanga zilianza kudondoka kutoka kwenye kiungo kimoja, sauti yake ndogo mno, kama mtu anayechekecha unga chumba cha pili.

Kama angepita wakati ule angelazimika kupenya mbele ya tumbo la ukuta, ubavu kwa ubavu. Sikulitaka hilo bila boriti. Nami sikutaka kupiga kelele, kwa maana kelele humfanya mtu aruke, na mtu mmoja akiruka juu yetu ilikuwa inatosha.

"Baba Spana," nilimwita mwanangu. Sijui kama nilipata kumwita hivyo siku nyingine yoyote. "Njoo na boriti moja na kabari mbili. Tembea upande wa kushoto. Usikimbie."

Alikuja. Alipopiga goti kwenye ngazi akanipa boriti, uso wake ulikuwa na neno tayari, neno ambalo bila shaka alilitayarisha tangu shimo lilipoanza kuchimbwa. Akaona uzi. Akalimeza.

Juu yetu gari lilitikisika.

"Kuna nini huko chini?" kaka aliuliza. Nikasikia funguo zikigongana. "Kama nawabana, ngoja niliondoe."

Injini haikuwa na oili. Na hata ingekuwa nayo, mtetemo wa kuiwasha ungetosha kabisa.

"Kaka," nilisema. "Usiguse ufunguo."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumpa kaka yangu amri, na kila mtu uani pale alilijua hilo. Nilimsikia akipumua.

"Unasema na mimi, bwana mdogo?"

"Nasema na wewe. Toa gia, achia breki ya mkono ili tulivute baadaye, vizuizi vinashika. Kisha usishukie mlango wako. Sogea kwenye kiti cha pili, ushukie kushoto. Polepole, kama umebeba maji kichwani."

"Nina goti bovu."

"Mjukuu wako yuko chini ya goti hilo."

Tukasikia gia ikitoka, breki ikilegea, gari likajisogeza unene wa kidole, likakaa kwenye vizuizi. Mchanga ukaongezeka. Kisha springi za kiti zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, kaka akivuta mwili wake kuvuka upande wa pili, akiguna, na sisi chini tukiufuata mwendo wake kwa macho kana kwamba bati la sakafu ya gari ni kioo. Mlango wa kushoto ulifunguliwa. Mkwe wangu alimpokea mkono. Gari likainuka kidogo upande wetu.

Mimi na mwanangu tulikingamisha boriti usawa wa tumbo la ukuta. Sikuthubutu kugonga kabari kwa nyundo. Nilizisukuma kwa viganja, moja kutoka huku, nyingine kutoka kule, na yeye, ambaye mikono yake haijawahi kushika kitu kizito kuliko faili, akabana mwisho wa boriti kwa bega lake huku jasho likimdondoka kwenye tai. Boriti ililia mara moja, ikakaa.

"Sasa," nilimwambia Spana. "Inama, pita chini yake. Usiiguse."

Alizima taa, akainama, akapita. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayevuka chumba cha mgonjwa aliyelala. Alipokuwa chini kabisa ya boriti, tofali moja lilitema kipande cha chokaa kikampiga begani. Akasimama, akafumba macho, akaendelea. Baba yake alimshika mkono na kumpandisha ngazi, na hakuuachia mkono ule hata walipofika juu. Nikampungia mwanangu asogee, nikapanda wa mwisho.

Tulifunga kamba ndefu nyuma ya pikapu. Nikaondoa vizuizi vya nyuma, nikawapanga watu wote mbali, nyuma ya gari, nami mbele yao.

"Vuteni bila kushtua."

Lilianza kuja. Magurudumu ya nyuma yalifika ardhini. Ya mbele yalitembea juu ya mkanda wa zege, yakaupita mwisho wake, na gari lote likawa nje. Hapo ndipo boriti ilipokatika. Ukuta wa kulia haukuanguka kwa kishindo nilichotarajia. Ulijikunja, kama mtu anayeketi kwa uchovu, tofali zikaingia shimoni zikifuatwa na tope, tope likafuatwa na maji, na karai la oili likazama mbele ya macho yetu. Mahali aliposimama mjukuu wangu palijaa hadi usawa wa kifua chake.

Mkwe wangu aliketi chini pale pale na brashi yake.

Mwanangu aliiachia kamba. Akaingia stoo, akatoka na sepeto.

"Sharti nililisema," alisema. Sikumlaumu.

"Ulilisema, Baba," Spana alijibu. "Boriti nilizitoa mimi, bila kumuuliza Babu. Kosa ni langu, si la shimo."

"Mama yako ndiye aliyekuomba."

"Mama hajui boriti ni za nini. Mimi najua."

Mwanangu alimgeukia binti yake, akanigeukia mimi. Ni nyumba yake na ni neno lake, nami ndiye niliyemlea awe mtu wa kutimiza neno lake.

Aliyezungumza ni kaka, aliyekuwa ameketi juu ya boriti zilizobaki akisugua goti.

"Hilo sharti linasemaje hasa?"

"Gari la kwanza liingie salama, litengenezwe, litoke salama," mwanangu alijibu.

"Limeingia?"

"Limeingia."

"Limetengenezwa?"

"Baba Mkubwa, wewe mwenyewe umeona..."

"Nimeona injini yangu imemwagwa oili yote, na mpya haijatiwa. Nirudi kwangu nikisukuma, na goti hili? Kesi yenyewe haijafika mwisho, unatoa hukumu." Akamtazama Spana. "Wewe, fundi. Nati yangu iko wapi?"

Spana alifungua kiganja. Nati ilikuwa humo, imemwachia alama nyekundu kwenye nyama ya mkono. Aliishika muda wote ule.

Alituomba tulisukume gari hadi kwenye ardhi tambarare, mbali na shimo. Aliweka jeki, kisha magogo chini ya chasi, akalitikisa gari kwa nguvu zake zote kabla hajaingia chini, akaingia chali. Alifunga nati. Akatoka, akabadilisha chujio, akatia oili mpya, akafuta kijiti cha kupimia, akapima, akafuta, akapima tena. Vifaa alivyomaliza navyo alivirudisha ubaoni, kila kimoja kwenye kivuli chake. Kivuli cha spana moja kilibaki wazi. Baba yake alisimama na sepeto lake muda wote, hakuketi.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Kaka aliisikiliza, kichwa kikiwa upande.

"Haikohoi," alisema. Kisha akanigeukia. "Bwana mdogo, ile amri uliyonipa."

"Naam, kaka."

"Nitaizungumza nikishapona goti."

Akaondoa gari. Lilitoka langoni bila kugusa nguzo hata moja, likakunja kona, sauti yake ikapotea.

Mwanangu alifungua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Akashuka ngazi mbili zilizobaki juu ya tope na kuchomeka sepeto. Spana alisimama kando yangu. Shimo lilikuwa nusu limejifukia lenyewe. Mtu akiwa na sepeto pale, huwezi kujua nia yake mpaka uone udongo unaelekea wapi.

Aliinua sepeto la kwanza. Akalizungusha juu ya bega lake, akautupa udongo nje.

"Usimwage karibu na ukingo," nilimwambia. "Peleka mbali."

"Ndiyo, Baba," alijibu, na Spana akaenda kuleta toroli.